Udongo Uliofunzwa Utamu

Bwana Senkondo alichomoa kijiti cha taa kutoka bustanini kwa Mama Kisaka, akakipangusa kwenye suruali yake, akakichomeka tena hatua chache pembeni. Taa ikawaka nyekundu. Akakihamishia kwenye tuta la sukuma wiki. Nyekundu. Akakipeleka kwenye mnavu, akakizamisha mpaka karibu na kichwa. Nyekundu vilevile, tena safari hii ilikoza.

“Hiki kifaa chako kizima kweli?” aliuliza Mzee Mchomvu, mwenyekiti wa Kamati ya Udongo. Alikuwa mtu mnene asiyependa kusimama juani, na tangu wafike alikuwa akitafuta kivuli.

“Kizima, Mzee. Asubuhi nimekipima kwangu.”

Mjumbe wa tatu wa kamati hakusema neno. Huyo alikuwa Namsifu, Mama Niwaeli, na sababu yake ya kunyamaza ilikuwa upande wa pili wa ua, ambako majani ya maboga yake yalikuwa yamepanda mpaka juu, mapana, ya kijani kibichi, yakichungulia kwa jirani bila hata chembe ya haya. Kijiti cha bustani yake hakijawahi kuwaka rangi nyingine ila kijani. Watu walipotoka mitaa mingine ya Ndivani kuja kuteka maji kwenye ndiva, lile bwawa la mlimani lililowalisha maji tangu enzi za mababu, walipitia kwake makusudi ili waone nyanya zake. Alizoea kuwapungia mkono kama mke wa mkuu wa wilaya.

Mama Kisaka alipiga goti kando ya tuta. Alikuwa mkubwa kwa Namsifu kwa miaka kadhaa, mjane, mtu wa kazi, na kanga yake ilikuwa imefungwa kiunoni kama mtu aliyejiandaa kupigana.

“Angalieni wenyewe,” alisema, akifunua matandazo ya majani makavu ya migomba. “Samadi ya mbuzi nimeiweka, imeoza vizuri, haina moto. Mboji nimetia. Sijachimba hovyo, sijakanyaga matuta. Minyoo hawa hapa. Haya, mimi nimekosea wapi?”

Minyoo walikuwepo kweli, wanene, wanaojikunja kwa hasira ya kufunuliwa. Bwana Senkondo alichota udongo, akauminya, akafungua kiganja. Udongo ulibaki umeshikana, kisha alipougusa kwa kidole ukavunjika chembe chembe kama unavyotakiwa. Akanusa. Akatikisa kichwa.

“Umbo lake zuri, Mama. Sina neno.” Aligeuza jani moja la sukuma wiki. Chini yake lilikuwa limeiva rangi ya zambarau, na mishipa yake ilikuwa imesinyaa. “Lakini mimea ina njaa. Hii zambarau ni njaa ya fosforasi. Uzi wa chini ya ardhi haukuletei kitu.”

Mama Kisaka alishusha matandazo yake taratibu, akayasawazisha kwa kiganja. “Labda umenichoka,” alisema.

Bwana Senkondo alitoa kishikwambi chake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Picha ya mtaa mzima ikajitokeza: nyumba kama vidoti, na chini yake Uzi, maelfu ya nyuzi nyembamba za ule uyoga wa maabara ambao serikali iliupandikiza milimani baada ya udongo wa nusu nzima ya nchi kufa. Kila bustani ya Ndivani iliunganishwa na jirani yake kwa chini. Kwenye picha, nyuzi ziling'aa pale palipokuwa na kitu kinachopita. Zilizotoka kwa Mama Kisaka ziling'aa sana, zote zikielekea upande mmoja, zikipita chini ya ua na kuingia kwa Namsifu. Za kurudi hazikuwepo.

Namsifu alitazama picha ile akahisi masikio yake yanapata moto.

“Ajabu,” alisema Bwana Senkondo. “Uzi kazi yake ni kusawazisha. Penye ziada unachota, penye upungufu unapeleka. Hapa unafanya kinyume. Unamkamua mama huyu unampeleka jirani.”

“Kwa nini ufanye hivyo?” aliuliza Mzee Mchomvu.

“Uzi nao unakula, Mzee. Mmea unatengeneza sukari kwa jua, unaishusha mizizini, unaulipa Uzi. Uzi nao unauletea mmea madini na maji. Sasa kama kuna bustani inalipa vizuri kupita nyingine, Uzi unaifuata. Kwa Mama Niwaeli mimea ina nguvu, inalipa. Hapa imechoka.” Alifunga kishikwambi. “Mimi naona ni uzee wa mbegu.”

Namsifu alijisikia anauliza, na sauti yake ilitoka nyepesi kama anauliza bei ya vitunguu. “Na kama mtu angeumwagia sukari mwenyewe? Tuseme, maji ya miwa?”

Bwana Senkondo alicheka mpaka ndoo ikayumba. “Mama Niwaeli! Nani atamwaga maji ya miwa ardhini, Upare hii, wakati wanaume wanayasubiri yachachuke? Lakini haya, tuseme yupo. Mwanzoni ataona neema, mboga mpaka atashangaa. Ila atakuwa ameufunza vibaya. Uzi unajifunza, ndivyo ulivyotengenezwa. Utazoea sukari ya bure, utaacha kusawazisha, utakwangua kila bustani ya jirani ili umridhishe huyo anayeulevya. Na tabia hiyo haitoki. Chota konzi moja ya udongo huo upeleke kwingine, umepeleka mwizi.”

Mzee Mchomvu naye alicheka kidogo, kwa adabu. Mama Kisaka hakucheka. Alikuwa akiwatazama wote watatu, mmoja mmoja, akingoja hukumu yake.

Sheria ilijulikana hata na watoto. Bustani inayobaki nyekundu kwa mavuno mawili mfululizo inakatwa kwenye Uzi isije ikaambukiza nyingine udhaifu, na kiwanja chake kinaunganishwa na cha jirani anayeweza kulima. Mwenyewe anateremshwa Bondeni, kwenye mabanda marefu ya mabati, ambako watu walikula uji wa kiwandani wa kijivu, wakalala kwa zamu ya vitanda. Akina mama wa Ndivani waliwatishia watoto wao wakorofi kwa uji huo. Kwa Mama Kisaka, jirani anayeweza kulima alikuwa Namsifu.

“Haya ni mavuno ya pili,” alisema Mzee Mchomvu, na tumpe haki yake, alisema hivyo huku akiangalia chini. “Dada yangu, sheria si yangu. Tutasubiri harusi ya mtaani ipite, tusiharibu shughuli ya watu. Kisha itabidi. Wanaokubali?”

Akanyoosha mkono. Bwana Senkondo akanyoosha wake.

Na Namsifu akanyoosha. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemkodolea macho. Mkono ulipanda wenyewe kwa woga, kwa sababu mkono ambao ungebaki chini ungeulizwa kwa nini. Mama Kisaka alimtazama, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayemwambia mwenzake pole kwa kazi ngumu.

“Usijali, Mama Niwaeli,” alisema. “Najua umebanwa. Bora kiwanja kije kwako kuliko kwa mtu nisiyemjua.”

Namsifu aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua maishani mwake. Alitamani ardhi ile ile aliyoiharibu ipasuke imfiche.

*

Ilikuwa imeanza kwa bahati mbaya, na ingeishia hapo kama si kikapu.

Mwaka uliopita Baba Niwaeli, ambaye kinu chake cha kukamulia miwa ndicho kilichokuwa fahari ya maisha yake, aliharibu mtungi mmoja wa maji ya miwa yaliyokusudiwa kuwa dengelua, pombe ya miwa. Namsifu aliyamwaga shinani mwa maboga. Baada ya wiki chache maboga yalikuwa yamekua mpaka mumewe alidhani amenunua mbegu ya kigeni. Wakati huohuo zilikuja habari za posa: Mbazi, kijana wa mtaa wa Juu, alimtaka Niwaeli, na mama yake Mbazi alijulikana kote kwa ukali wa pua. Maana huko Ndivani bibi harusi hakwenda kwa mumewe na vyombo wala vitenge tu. Alikwenda na kikapu cha udongo kutoka bustanini kwa mama yake. Wanawake wa mtaa waliongezea kila mmoja konzi yake, kisha mama mkwe aliingiza mkono mbele ya watu, akaufikicha, akaunusa, akasema neno. Udongo ule ulimwagwa kwenye tuta la kwanza la bibi harusi, ukajiunga na Uzi wa huko, ndipo naye akahesabiwa mtu wa huko. Wapo mabinti ambao kikapu chao kilisifiwa wakaheshimiwa mpaka uzeeni. Yupo mmoja ambaye mama mkwe wake alikunja uso tu, basi, na mpaka leo anaitwa Mama Vumbi.

Namsifu hakutaka mwanawe aitwe Mama Vumbi. Akaanza kumwaga kikombe kimoja kimoja. Baadaye ikawa kata. Baadaye jagi.

“Kuna mtu ananinywea,” alilalamika Baba Niwaeli jioni ile ya ukaguzi, akichungulia ndani ya mtungi. “Nilianza kumshuku mbuzi. Sasa namshuku mchungaji.”

“Mwache mchungaji wa watu.”

“Jumapili iliyopita alikuwa mchangamfu kupita kiasi.”

Siku nyingine Namsifu angecheka. Alichukua jagi tupu akaenda bustanini, akajiapiza kuwa kuanzia leo ni mwisho. Na kwa siku chache alijitahidi kweli. Akaweka matandazo, akamwagilia maji matupu. Lakini bustani haikumwelewa. Nyanya zilianza kulegea mchana. Majani ya maboga yakakunja kingo. Na mahali pale alipozoea kusimama na jagi lake, asubuhi moja alikuta udongo umefunikwa na utando mweupe. Nyuzi zilikuwa zimetoka nje, jambo ambalo hakuwahi kulisikia, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, na alipoinama kuzitazama zilikuwa zikiyumba bila upepo, zikielekea miguuni pake. Zilikuwa zinamngoja.

Alirudi ndani kwa haraka. Alipotoka alikuwa na jagi, na lilikuwa limejaa. Alimwaga huku akigeuza uso kando, asione jinsi zinavyokunywa, na alijichukia kwa kila tone.

Hapo ndipo Niwaeli alipomkuta. Binti alikuwa na ungo wa mboga kichwani: mnavu, ngogwe, majani ya maboga yaliyochambuliwa.

“Mama, hayo maji ya nini?”

“Ya kuoshea vyombo. Unaenda wapi na mboga?”

“Kwa mama mkubwa. Nimeona kwake hamna kitu, jana amepika makande bila hata jani.” Niwaeli alishusha sauti. “Mama, kwa nini hamkumtetea? Wewe uko kwenye kamati.”

“Sheria ni sheria, mwanangu.”

“Sheria hiyo inamfahamu? Yule amenifundisha kupanda figiri kabla sijajua kusoma.”

Niwaeli akavuka ua. Baada ya muda sauti ya Mama Kisaka ilisikika ikishukuru, ikimbariki Namsifu kwa jina, yeye na bustani yake, ikimwombea mikono yake isichoke. Namsifu alisimama na jagi lake tupu akisikiliza shukrani za mboga ambazo, kwa kila hesabu ya haki, zilikuwa za huyo anayeshukuru. Alifikiri kwenda palepale kusema. Akafikiri pia juu ya pua ya Mama Mbazi, mahari iliyokwisha kupokelewa, mahema yaliyokwisha kuombwa. Akajiambia: baada ya harusi. Akaona jinsi neno hilo lilivyo la kinyonge, na bado akaling'ang'ania.

*

Siku ya kikapu ua wa Namsifu ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye mawe ya kinu. Kikapu kilikuwa katikati juu ya mkeka, kimesukwa upya, kimejazwa udongo mweusi kutoka chini ya maboga. Namsifu ndiye aliyeuchota mwenyewe, alfajiri, akiomba mvua, ugonjwa, chochote kiahirishe shughuli. Hali ya hewa ilikuwa nzuri sana.

Mama Mbazi alipewa kiti cha mbele. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani, na aliinama juu ya kikapu kabla hata hajamaliza soda yake. Akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Akafikicha. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

“Mama Niwaeli,” alisema hatimaye, “nimenusa vikapu tangu nikiwa binti. Udongo kama huu sijauona. Wewe si mkulima, wewe ni mama wa udongo wenyewe.”

Vigelegele vilipasuka. Wanawake walimkumbatia Namsifu, wakampaka unga shavuni. Baba Niwaeli alifuta machozi waziwazi. Kila sifa ilimwingia Namsifu kama kofi, na kwa kuwa alitakiwa kutabasamu, alitabasamu, mpaka mashavu yakamuuma.

Kisha wakaja majirani na konzi zao. Mmoja mmoja walimimina, wakasema neno la baraka, wakapisha. Wa mwisho alikuwa Mama Kisaka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na udongo wake ameufunga kwenye pindo la kanga. Alipiga goti mbele ya kikapu, akafungua fundo. Kando ya ule mweusi, udongo wake ulionekana wa kijivu, wa watu maskini.

“Mnisamehe,” alisema, akijaribu kutabasamu. “Ndio huo nilio nao. Nimeuchagua vizuri, nimetoa mawe yote, nimeweka na minyoo wawili. Hauna afya, lakini nimeutoa kwa moyo.”

Mama Mbazi aliinama akautazama. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa na breki. “Pole, mama. Weka kidogo tu basi, kwa heshima. Ukiweka wote utaharibu huu mzuri.”

“Kweli,” alisema Mama Kisaka. “Umesema kweli.”

Na akaanza kuurudisha. Alichota nusu ya konzi yake kwa vidole, kwa uangalifu, akairudisha kwenye pindo la kanga, punje kwa punje, asije akamwaga mbele za watu.

“Usirudishe,” alisema Namsifu.

Hakuna aliyemsikia. Wanawake walikuwa wameanza wimbo.

“Dada, usirudishe!” Sasa alikuwa amepaza sauti, na wimbo ulikatika. “Usirudishe hata punje. Huo ndio udongo. Huu wangu ni wa wizi.”

Watu walimtazama wakidhani ni furaha imempanda kichwani. Namsifu alikaa chini kwenye mkeka kando ya kikapu, akayasema yote huku macho yake yakiwa kwenye mikono yake. Jagi. Maji ya miwa. Maboga. Picha ya kishikwambi iliyomwonyesha kila kitu, na mkono alioupandisha hata baada ya kuonyeshwa. Hakujitetea kwa kikapu wala kwa mwana. Alipofika kwenye mkono sauti yake ilikatika, akailazimisha irudi.

“Kwa hiyo ulikuwa wewe,” alisema Baba Niwaeli. “Na mimi nimemnunia mchungaji wa watu bure.”

Bwana Senkondo, aliyekuwa amealikwa kama jirani na tayari alikuwa na sahani ya pilau mapajani, aliweka sahani chini. Alisogea mpaka kwenye kikapu, akaomba chupa ya soda ya Mama Mbazi, akadondosha tone moja juu ya udongo mweusi. Watu walikizunguka kikapu. Udongo ulitikisika. Nyuzi nyeupe ziliibuka kutoka pande zote za kikapu, zikaparamia lile tone, zikasukana juu yake, zikaendelea kunyooka hewani kuitafuta chupa. Mwanamke mmoja alipiga yowe na kumvuta mtoto wake nyuma.

“Ukauke juani kwenye bati,” alisema Bwana Senkondo kwa sauti ya chini. “Wote. Na bustani yake ikatwe kwenye Uzi leo hii, iachwe tupu, bila mmea, mpaka hizi zife kwa njaa. Wa Mama Kisaka utapona. Ulikuwa haujaugua kitu, ulikuwa unaibiwa; bustani yake haikatwi.”

“Ikate,” alisema Namsifu. “Niandike mimi ndiye mwenye nyekundu.”

Mama Mbazi alikuwa bado akiutazama mkono wake, ule aliouingiza kikapuni. Aliufuta kwenye kanga, akaufuta tena. “Ulitaka kutuletea kitu hiki nyumbani,” alisema. Hakuwa akifoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Kwenye mtaa wetu mzima. Ungetumalizia majirani, tukamshukuru mwanao.”

“Ndiyo, mama,” alisema Namsifu. “Nilitaka.”

Niwaeli alisimama kutoka alipokuwa amekaa na wenzake. Hakumtazama mama yake. Alibeba kikapu mwenyewe mpaka kwenye bati la kuanikia mahindi, akakipindua, akakikung'uta, akakikung'uta tena mpaka haikubaki hata punje. Kisha akaja nacho kitupu, akapiga magoti mbele ya Mama Kisaka kwa nguo zake zote za harusi.

“Shikamoo, mama mkubwa,” alisema. “Naomba unijazie kutoka kwako.”

“Mwanangu, wangu umeuona ulivyo.”

“Nimeuona. Kama mama mkwe hautaki, na mimi sitakwenda.”

Mama Mbazi alivuta pumzi. Akashusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine, akaomba lile pindo la kanga. Akachukua udongo wa kijivu, akauminya, akafungua kiganja. Akautazama ulivyovunjika. Mnyoo mmoja akajikunja kwenye kidole chake.

“Huu umetunzwa na mtu anayejua kazi,” alisema. “Una njaa tu. Njaa tutaiponya. Mjazie.”

Hapakuwa na vigelegele, lakini watu walianza kupumua. Na hapo Baba Niwaeli, ambaye alipenda mambo yaishe upesi, alikimbilia kwenye mpaka akavunja jani la isale, akaja kulitia mkononi mwa mkewe. “Mpe,” alimnong'oneza. “Mpe sasa hivi, mbele ya watu wote. Hawezi kukataa.”

Hawezi kukataa kweli. Anayenyooshewa isale husamehe. Tangu zamani hakuna aliyelikataa akabaki na heshima mbele ya watu. Namsifu alishika jani lile refu, akainuka, akaanza kwenda. Akamwona Mama Kisaka anavyolitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, aliyekwisha kunyang'anywa mengi, na sasa anaona linakuja jingine ambalo nalo atalazimika kulitoa huku akitabasamu.

Namsifu alisimama. Aliteremsha mkono, akalificha jani nyuma ya gauni lake. Aibu ilikuwa palepale, lakini kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukaguzi hakuikimbia.

“Silinyooshi,” alisema. “Mpaka utakapolitaka wewe. Hata kama hutalitaka.”

Mama Kisaka aliinuka.

“Umefanya vizuri,” alisema. “Ningelipokea. Na ningekuchukia mpaka kaburini.” Akafunga pindo la kanga yake, akamshika Niwaeli mkono, akamwinua. “Twende, mwanangu. Kuna tuta la nyuma, lina udongo wa chini mzuri zaidi. Lete kikapu.”

Namsifu aliokota jembe dogo lililokuwa limeegemezwa ukutani, kwa mazoea tu, kwa kuwa kuna kazi na yeye ni mama wa bibi harusi.

“Hapana,” alisema Mama Kisaka bila kugeuka. “Mtoto nitamjazia mpaka juu. Wewe mkono wako usiingie kwangu.”

Wanawake walivuka ua mmoja baada ya mwingine, Mama Mbazi mbele, na baada ya muda mfupi majembe yalisikika, na wimbo ule uliokatishwa ukaanzishwa tena upande wa pili. Namsifu aliweka jembe chini. Alimsikia Mama Kisaka akimwelekeza Niwaeli ainue matandazo taratibu asije akawakata minyoo. Alibaki upande wake, kando ya bati lililoanikiwa udongo, na hakuna aliyemwita.